Posa Kwenye Ukumbi wa Wakorea

Dagaa ndio walionifikisha pale. Ilikuwa 2017, sina muda mrefu tangu nihamie Lewisville, huku Amerika, na Mtanzania mwenzangu kanisani akaniambia kuwa dagaa wakavu, na hata mchicha wenyewe, vinapatikana Carrollton, mji wa jirani, kwenye duka kubwa la Wakorea. Nikaenda Jumamosi moja na mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa anasoma chuo na kukaa nami. Dagaa tuliwapata, wamefungwa kwenye mifuko kwa ukubwa, kuanzia wale wa kuokota kwa ncha za vidole mpaka wa kushika mkia. Lakini nyuma ya mashine za kulipia kulikuwa na harufu ya kitunguu saumu na nyama inayoungua kidogo pembeni. Tukaifuata, tukatokea ukumbini.

Vibanda vya vyakula vilikuwa vimebanana ukutani, kila kimoja na picha za vyakula vyake zinawaka taa juu. Katikati meza zimejaa. Wazee wa Kikorea wanavuta supu kwa sauti bila kumwonea mtu haya, watoto wanagombania barafu ya maziwa, wapishi wanaita namba kwa Kikorea kisha kwa Kiingereza. Ukishaagiza, unapewa kidude cheusi cha plastiki ukakae nacho. Chakula kikiwa tayari, kidude kinawaka taa nyekundu na kutetemeka mezani kama kimepandwa na mashetani. Siku ile ya kwanza chetu kilipoanza, mdogo wangu alipiga kelele watu wakageuka.

Sisi tulikulia Iringa, ambako kula nje ya nyumba kulikuwa ni chipsi mayai baba akipata mshahara. Pale Carrollton tulikuwa tunakula kama watu waliofunguliwa. Tambi nyeusi za mchuzi mzito, pweza wa pilipili, maandazi madogo ya mvuke yenye nyama ndani. Mimi nilikuwa nabadilisha kila wiki. Mdogo wangu hakubadilisha. Yeye alikuwa mtu wa kibanda cha kona, kwa mwanamke mmoja mfupi wa makamo tuliyempachika jina la Mama Supu. Supu yake ya tofu, ile jibini laini ya soya, ilikuja nyekundu, bado inatokota ndani ya chungu cheusi, na yai bichi pembeni ulipasue mwenyewe. Mama Supu hakuwa na Kiingereza kingi, na sisi Kikorea hatukuwa nacho kabisa, lakini baada ya miezi michache alikuwa akimwona tu mdogo wangu kwenye foleni anainua vidole viwili. Maana yake: wewe nakupa mayai mawili.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akaniambia kuna mtu. Mtu mwenyewe alikuwa kijana wa Kikenya, mfamasia, anaishi na baba yake mkubwa kule Katy, nje ya Houston. Akaanza kuja mwisho wa wiki, saa nne nzima barabarani, na kwa kuwa sikutaka azoee kukaa kwenye kochi langu kabla hajajitambulisha, tulikuwa tunakutana naye ukumbini. Pilipili haiwezi. Alikuwa anakula supu ya watu huku machozi yanamtoka, anasema, "Dada, iko sawa tu, aki." Nikampenda hapo.

Basi ikapangwa siku ya wao kuja kubisha hodi. Baba yetu alikwisha kufariki, mama yuko Iringa, kwa hiyo upande wetu angesimama baba mdogo, anayekaa Arlington. Upande wao angekuja yule mzee wa Katy na mke wake. Kijana alikuwa amenitahadharisha. "Dada, mzee ni mtu wa protocol sana." Alisema mzee hakufurahia kwamba amevuka mpaka kutafuta mke, na kwamba anataka kuona kama watu hawa wana utaratibu.

Nilitaka aone utaratibu. Ile Jumamosi niliamka mapema nikaanza kupika kama nina watu hamsini. Saa tatu asubuhi ikaja dhoruba, mvua ya mawe, magari yanalia nje. Saa nne kasoro taa zikazimika. Jiko langu la umeme likapoa taratibu mbele ya macho yangu. Kuku ndani ya oveni alikuwa bado wa waridi. Sambusa hazijaingia mafutani. Pilau ndiyo iliyonitia uchungu, mchele nilikuwa nimeshautia kwenye supu, haujaiva na haufai tena kuitwa mbichi. Ofisi ya nyumba za kupanga ikasema umeme huenda ukarudi jioni. Nikampigia kijana. Akasema wameshapita Corsicana, zaidi ya nusu ya safari.

Nikakaa chini jikoni, sakafuni, nikalia. Nilikuwa nawaza baba yangu angekuwepo angewapokea vipi wageni hawa, kiti gani angempa mzee, na mimi nawakalisha gizani kwenye joto bila hata chai.

Baba mdogo akafika, kapaki, kaingia na viatu vimelowa. Akafunua sufuria, akaangalia, akafunika. "Hao watu hawaji kuposa pilau," akasema.

"Sasa watakula nini, baba?"

Mdogo wangu ndiye aliyejibu. Alikuwa kashavaa gauni lake la kitenge, amesimama mlangoni na viatu mkononi. "Twende nao Carrollton."

"Una wazimu?"

"Kule kuna umeme, dada. Kuna viti. Kuna chakula. Unataka nini kingine?"

Nilimtazama baba mdogo ili amkanye. Baba mdogo alikuwa tayari anatafuta funguo za gari.

Kwa hiyo ugeni wetu mkubwa ulipokelewa mlangoni mwa duka la Wakorea, kati ya vitoroli na magunia ya mchele. Mzee wa Katy alishuka garini amevaa suti ya bluu iliyoiva, tai, na kalamu mfukoni. Mke wake alishuka akinyoosha kiuno. Nyuma yao kijana amekumbatia blanketi kubwa la kumpelekea mama yetu, na mfuko wa majani ya chai na sukari umening'inia kwenye kidole. Mama mmoja wa Kikorea alimuuliza hilo blanketi limepunguzwa bei wapi.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Karibuni sana. Poleni na safari."

Alichelewa kuitikia, Wakenya si watu wa shikamoo. Akatazama maandishi ya Kikorea juu ya mlango, akamtazama kijana wake. "Kwetu," akasema pole pole, "hatuendi kuposa msichana supermarket."

Baba mdogo akasogea, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee mwenzangu, nyumbani dhoruba imetuzimia moto. Ningekuweka gizani ungeniona mtu wa namna gani? Nimekuleta penye mwanga."

Mzee akarekebisha tai yake. Mke wake ndiye aliyekata shauri. Alikuwa muuguzi, alfajiri ile katoka zamu ya usiku moja kwa moja akaingia garini. "Baba," akamwambia mumewe, "mimi nimekaa kwa gari masaa manne. Niko na njaa. Hii harufu ni ya nini jameni?" Akatutangulia ndani.

Tulipata meza ndefu karibu na mlango wa choo, ndiyo iliyokuwa wazi. Niliagiza bila hesabu, kila kibanda nilichokijua, na nikarudi na vidude vitano, nikavipanga mbele ya wazee. Simu, mama yangu akiwa kwenye video, nikaiegemeza kwenye chupa ya maji. Kwao ilikuwa jioni. "Mbona kelele hivyo?" mama akauliza. "Mmeshaanza harusi?"

Mzee wa Katy akasimama. Nilimwona akifunga kifungo cha koti, nikajua sasa ndiyo protocol. Akakohoa. "Sisi," akaanza, kwa sauti ya mtu aliyezoea mikutano, "ni wasafiri. Tumetoka mbali. Tukiwa huko kwetu tulisikia kwamba katika boma hili kuna ua, na ua hilo harufu yake imefika mpaka..."

Kidude cha kwanza kikalipuka. Kikatetemeka kikitambaa juu ya meza, taa nyekundu zinazunguka, kikaenda kusimama mbele ya tumbo la mzee. Akakiangalia. Nikaruka kwenda kuchukua tambi. Niliporudi alikuwa ameanza upya. "...na ua hilo harufu yake..." Cha pili. Halafu cha tatu na cha nne kwa pamoja, kimoja kulia, kimoja kushoto. Mke wake aliweka kichwa mezani. Mabega yanatikisika. Mimi nilidhani amekasirika, kumbe anacheka mpaka hapati pumzi.

"Ongea tu, baba," akasema akijifuta macho. "Ua limekusikia."

Hapo baba mdogo akaona upenyo. Akasimama naye. "Mgeni wetu, maneno yako yamefika. Ni kweli ua tunalo. Lakini maua humu ndani, kama unavyoona, ni mengi." Akazungusha mkono kuonyesha ukumbi mzima: wasichana wa Kikorea, wa Kimeksiko, wa Kihindi, wa Kimarekani, wote na trei zao. "Kijana wenu kama kweli analijua analolitaka, na aende akalitafute alilete hapa mezani."

Mdogo wangu, ambaye dakika ile alikuwa amekwenda kufuata vijiko, alisikia. Sijawahi kumwona akikimbia vile na viatu virefu. Kijana akaweka blanketi kwenye kiti akaingia kwenye watu.

Tulimtazama wote. Alizunguka kwenye vibanda vya tambi, akachungulia kwenye foleni ya barafu, akaenda mpaka kwenye friji za samaki akarudi. Mama kwenye simu anauliza, "Amempata? Nigeuzieni nione!" Wazee wa Kikorea wa meza ya jirani, mmoja akauliza kwa Kiingereza tunatafuta nini. Baba mdogo akamwambia, bibi harusi. Habari ikapita meza kwa meza. Watu wakaanza kumnyooshea kijana kule na kule, wengi wakimdanganya kwa makusudi.

Mara ya pili alipopita mbele ya meza yetu alikuwa anatoka jasho. Mzee wa Katy hakujizuia. "Wewe!" akamwita. "Huyo msichana hupenda kula nini?"

Kijana akasimama. Kisha akageuka akaenda zake kwenye kibanda cha kona, akapanga foleni kama mteja yeyote. Alipofika mbele akaagiza supu ya tofu. Mama Supu alimtazama kwa uso mkavu kama hajawahi kumwona. Kijana akainua vidole viwili.

Mama Supu akashindwa. Alicheka, akapiga kofi kaunta, akaita kitu nyuma ya bega lake. Na kutoka kule kwenye mvuke akatokea mdogo wangu, aproni nyeusi juu ya gauni la kitenge, kofia ya wapishi imeshuka mpaka kwenye nyusi, kabeba chungu kwa mikono miwili. Ukumbi ulipiga makofi. Nakumbuka mzee mmoja wa Kikorea amesimama kabisa, vijiti vingali mkononi.

Walikuja mezani pamoja. Mzee wa Katy aliwasubiri akiwa amesimama. "Ni huyu?" akamuuliza kijana. "Ni huyu." Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe, unamjua huyu?" Mdogo wangu akasema, "Namjua. Hawezi pilipili." Mzee akainamia simu, akavua miwani, akamsalimia mama yangu kwa heshima yote, akamwomba ruhusa ya familia zetu kuendelea kuzungumza. Mama akalia, akatoa ruhusa, akaomba aonyeshwe blanketi.

Yaliyobaki yalikwenda kwa utaratibu wake. Harusi ilifungwa 2019 na wao wakapanga nyumba Katy, si mbali na wazee. Nami nikabaki na safari za Houston.

Safari mojawapo, miezi michache baada ya harusi, mzee alisema hatutakula nyumbani. Akatupeleka upande wa kusini-magharibi wa jiji, kwenye ukumbi wa vibanda wa Wavietinamu na Wachina, mkubwa kuliko ule wetu na wenye kelele zaidi. Nilishangaa anavyopajua. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kamba wa mtoni, akafungiwa bibu ya plastiki shingoni juu ya shati lake la kupigwa pasi, akatufundisha kuvunja shingo na kunyonya kichwa.

"Tunakuja hapa kila Jumamosi," mke wake akaniambia. "Tangu ile siku yenu."

Mzee akaendelea kumenya. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba tangu aje Amerika miaka yote hiyo chakula cha mchana amekuwa akikila kwa gari, kwa barabara, kati ya Katy na mjini, mkono mmoja kwa usukani. Alidhani ndivyo watu wa huku wanavyokula. "Sikujua kuna mahali mnakaa hivi," akasema, "na watu hamwajui, mkila pamoja."

Mke wake akamsogezea sahani. Karibu yetu familia moja ya Kivietinamu ilikuwa inatafuta viti. Mzee akawapungia kwa kidole chenye mafuta, akasogea kwenye benchi, akatuambia na sisi tusogee.