Keki ya Gwen Prosser

Watu wa Broadway, mtaa wa majumba ya michezo kule New York, wana uchafu mmoja usiotoka kwa sabuni: wanapenda kumwona mtu akidhalilika, mradi awe amevaa vizuri. Nasema hivi nikiwa mmoja wao. Nilicheza safu ya nyuma, pamoja na wasichana waitikiaji, mpaka magoti yalipogoma, na Gwen Prosser nilimwona akiingia na nikamwona akitoka.

Gwen alitoka Scranton, mji wa wachimba makaa ya mawe. Alikuwa Mwelshi wa kanisani, wa asili ya Wales, na kwao mtoto huimba kabla hajajua kubisha. Tulilala chumba kimoja kwa Bibi Mulqueen, nyumba ya kupanga iliyonuka kabichi la kuchemsha tangu mlangoni hadi darini. Asubuhi alijaribu sauti yake akiwa ameubana uso kwenye mto asije akawaudhi wapangaji, na hata kupitia mto ule ungeacha kuchana nywele ukasikiliza.

Bwana Harkness, mwenye kikundi chetu, alimpa nafasi ya mjakazi katika mchezo wa nyimbo na vichekesho. Mjakazi anaiba keki ya harusi, anaibugia, anafumaniwa na bwana wake, kisha anabaki peke yake jukwaani na kuimba wimbo wa kukumbuka kwao. Wimbo ule ndio uliomvuta Gwen. Keki aliihesabu kama kero ya kupitia tu.

Mazoezini walimpa mkate. Siku ya kufungua, mtunza vifaa alileta keki kamili: ubao ndani, na juu yake mafuta ya nguruwe yaliyopigwa kwa sukari. Ilikaa chini ya taa kali tangu mchana. Sisi tuliokuwa pembeni tulisikia harufu yake kabla ya kuiona.

Gwen alijaza mdomo kama alivyofundishwa. Nikaona macho yake yakitoka. Akajaribu kumeza, ikakataa, na ghafla yote ikaruka, na vingine vya tumboni juu yake, ikatua kwenye kifua cha shati jeupe la Barney Tuttle, mchekeshaji wetu mkuu, aliyecheza bwana wa nyumba.

Ukumbi ukalipuka. Wanaume walipiga viti, wanawake walifuta machozi kwa glavu. Gwen alisimama pale, ute ukimning'inia kidevuni, anatetemeka, na kadiri alivyotetemeka ndivyo walivyozidi kucheka. Wimbo wake ulipofika hakuna aliyesikiliza. Walikuwa bado wanasimuliana.

Kesho yake Harkness alikuja chumba chetu cha kuvalia, anang'aa kama aliyeoa.

"Mwanangu, umetuokoa! Hiyo hiyo, kila onyesho."

"Bwana Harkness, mimi jana niliugua."

"Basi ugua kila siku."

"Na wimbo je?"

"Wimbo tutaona. Kwanza tema."

Akatema. Harkness aliamuru keki iwe laini zaidi ili isambae vizuri. Barney akashonewa mashati ya kuchafuliwa, na usoni akapakwa rangi nzito ili vipande vinate. Mafundi wa jukwaa walifagia uchafu ule huku wakitukana kimyakimya. Baada ya muda Harkness aliufuta wimbo kabisa, kwa sababu, alisema, watu wakishacheka vile hawataki kuhuzunishwa. Jina la Gwen likawekwa mlangoni kwa taa za umeme. Magazeti yalimwita Gwen wa Keki.

Sijui nieleze vipi maisha yaliyofuata bila kukunja uso. Mabwana walimtumia keki badala ya maua. Chumba chetu kikajaa krimu iliyochacha na nzi. Jumapili moja tulialikwa chakula cha mchana na tajiri mmoja mwenye koti la manyoya, na mimi nilifurahi kwa sababu ya nyama choma. Hata supu haijaondolewa, yule bwana alisogeza bakuli la maziwa mgando mbele ya Gwen, akajifunga kitambaa shingoni, akatoa kifua.

"Haya, bibiye, mimi nipo tayari! Nilenge!"

Meza nzima ikapiga makofi. Gwen aliinuka, akavaa kofia yake, akatoka, nami nikamfuata. Nyuma yetu mwanamke mmoja alisema, "Kumbe ana maringo!" Tangu hapo Gwen hakula mbele ya mtu. Alikonda. Harkness alimwambia mshona nguo abane kiuno, akasema mwembamba akitema ndipo anapochekesha zaidi.

Nilimuuliza, "Shoga, kwa nini usiache?"

"Ameniahidi mchezo ujao wenye nyimbo za kweli."

"Na wewe unamwamini?"

"Nisipomwamini nitakuwa natema kwa ajili gani?"

Kisha baba yake akaja. Mzee Prosser alikuwa mtu mdogo mwenye mikono mikubwa, amevaa suti nyeusi ya kanisani, na mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la makaa ya mgodini. Kule Scranton walijua tu kuwa binti yao anaimba New York na jina lake liko kwenye taa. Gwen hakuwa na ujasiri wa kuwaambia kwamba wimbo ulishafutwa. Mzee aliketi onyesho la mchana, katikati ya wake za watu wenye uwezo, kofia magotini, akingoja kumsikia mwanawe.

Kabla keki haijaletwa, kikohozi kilimshika. Alifanya alivyofanya siku zote: akatoa kitambaa, akakohoa humo, akakikunja haraka. Lakini mama aliyekaa kando yake aliona kile cheusi kilichotoka. Akaziba pua, akamwita mwonyesha viti.

"Mtu huyu anatema! Mtoe hapa! Tunapata kichefuchefu!"

Wakamshika mzee kiwiko, wakamtoa. Alipofika mlangoni ukumbi ulikuwa umelipuka kwa kicheko. Binti yake alikuwa amemtemea Barney kifuani, na mama yule yule, niliyemwona kwa macho yangu kutoka pembeni, alikuwa amejipinda kwa furaha.

Onyesho lilipokwisha, mimi na Gwen tulimkuta mzee amekaa kwenye ngazi za uchochoroni, karibu na mapipa.

"Sikuusikia wimbo, mwanangu," alisema. "Wamenitoa mapema. Usiwachukie, mimi nachafua."

Gwen alikaa kando yake na vazi lile lililochafuka krimu, akamshika mkono mpaka saa ya treni yake ilipokaribia.

Jioni hiyo aliingia jukwaani kama kawaida. Keki ikaja. Akajaza mdomo. Ukumbi ukavuta pumzi. Gwen akatafuna. Alitafuna taratibu akiwatazama, koo likapanda na kushuka, akameza yote.

"Tema!" Barney alinong'ona, shati lake likimetameta kwa weupe. "Tema, mama, watatuua!"

Gwen akajifuta mdomo kwa aproni na kuanza wimbo uliofutwa. Wapiga ala walitazamana, hakuna aliyemfuata. Sauti ile niliyoizoea kupitia mto ilitoka wazi, peke yake. Nikafikiri, sasa watajua. Hawakujua lolote. Walipiga miguu chini, "Tema! Tema!", mwingine akarusha karatasi ya programu iliyokunjwa, ikampata shavuni. Aliimba mpaka ubeti wa mwisho, akainamisha kichwa, akatoka.

Harkness alimsubiri, mishipa imemsimama. "Umeniharibia ukumbi!"

"Baba yangu katema kwenye kitambaa mkamtupa nje. Mimi natema juu ya mtu mnaniwashia taa. Ukumbi wako siuelewi, Bwana Harkness. Niruhusu nipite."

Hakurudi. Wiki ile ile walimpata msichana mwingine, na watu wakajaa kama mwanzo. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote: hawakugundua hata tofauti.

Gwen alipata kazi katika jumba dogo la sinema, Mtaa wa Kumi na Nne, akiimba gizani baina ya filamu na filamu huku pazia likionyesha picha tuli za mito na wapenzi, zilizopakwa rangi. Palinuka maganda ya machungwa na makoti yaliyolowa. Nilikwenda kumsikiliza. Watu walikuwa wanaguguna karanga, lakini ilipofika kiitikio waliimba naye, vibaya, kwa moyo wote.

Mtindo huo ulipopitwa na wakati alirudi Scranton, akaolewa na fundi wa pampu za mgodini aitwaye Idris, mtu mkimya. Safari niliyomtembelea nilimkuta kanisani, amenenepa, amesimama mbele ya wanawake wa sauti ya chini wa kwaya, mkono mmoja kiunoni. Baba yake alikuwa ameshazikwa. Hakuniona nilipoingia.

"Tena!" alikuwa akifoka. "Mnaimba kama mnaomba msamaha. Mmemkosea nani, nyie? Tena, kutoka mwanzo!"

Nikakaa kiti cha nyuma na koti langu, nikangoja waanze.