Pua ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, watu wamemsahau jina. Wanamwita Pua. Si kwa ukubwa wake, ingawa hapo napo hakubaniwa. Ni kwa kazi aliyoipa. Wenye magari ya kale, yale ya milango mizito na taa za mviringo, hawamimini oili mpaka Pua anuse. Makopo siku hizi hujazwa upya mitaani, nje yameandikwa hivi, ndani mna vingine. Basi yeye hufungua kifuniko, huvuta hewa, kisha hutoa hukumu: hii ya lori, hii imechakachuliwa, hii mpole.

Oili ya giaboksi ndiyo humpandisha mori. Ile kali, anasema, inafaa magari ya kisasa, lakini kwenye giaboksi la zamani hula vipete vya shaba taratibu, na vipete vyenyewe havipatikani tena hata ukilia. Kali inanuka yai viza. Hotuba hii hata wateja wangu wanaijua kwa moyo, maana kinyozi mimi nimepakana naye ukuta kwa ukuta, na sauti ya chini hana.

Juzi mkunga mstaafu alimletea kigari chake abadilishe oili ya gia. "Baba, kiangalie vizuri," alisema akikipapasa. "Mimi na hiki tumezeeka pamoja." Akaondoka, akaahidi kurudi jioni.

Nilikuwa nimetoka kupunga upepo mlangoni. Shemeji akafungua kopo, akanusa, akasema, "Mpole kabisa," akaanza kumimina. Harufu ya yai viza ikanifikia pale pale niliposimama. Nikacheka, nikidhani ananichokoza, maana mimi na yeye hatumalizi salamu bila utani. Akaendelea kumimina.

Nikazunguka uani kwa dada, aliyekuwa akifua.

"Dada, mumeo hasikii harufu?"

Hakuinua kichwa. "Juzi sufuria imeungua, yeye kakaa kando ya jiko. Tangu yale mafua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ukimnyang'anya pua, unamwachia nini?"

Nilipandwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nikinyamaza, giaboksi la yule mama litaliwa. Nikisema, nammaliza shemeji. Nikarudi gereji.

"Shemeji, hiyo oili inanuka."

"Oili zote zinanuka, kinyozi. Rudi kwenye vichwa vyako."

"Inanuka yai viza, shemeji."

Mkono ukasimama. Akanusa kopo, akanusa tena kwa nguvu mpaka akakohoa. Kisha akaketi juu ya tairi, na sijawahi kumwona mdogo namna ile.

"Sisikii kitu," akasema. "Hata sabuni. Nilidhani itarudi."

Akajiinua, akaingia uvunguni mwa gari, akafungua nati ya chini, akaimwaga oili yote kwenye karai, kisha akaifunga tena nati. Akaleta kopo jingine, akalifungua, akabaki amelishika tu. Maandishi hakuyaamini, na mimi zaidi ya yai viza sijui lolote.

"Yule mama akija, mwambie aende kwa fundi mwingine," akasema. "Mimi basi."

Dada alikuwa ameshaingia, mikono ina povu. Akajifuta kwenye khanga, akalichukua kopo, akanusa mara moja.

"Hii imetiwa ya injini. Lete lile la rafu ya juu."

Shemeji akamkodolea macho. "Wewe umejulia wapi?"

"Ovaroli zako anafua nani? Tangu umenioa. Mwenzio najua umeshinda chini ya gari gani hata kabla hujasema hodi."

Shemeji akalileta kopo la rafu ya juu. Dada akanusa, akanusa tena.

"Ndiyo hii. Mimina."

Akamimina polepole, hakumwaga hata tone. Alipofunga kizibo hakugeuka.

"Na hii pua, mke wangu, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza tu."

"Nilikuwa nangoja uniite," dada akasema.