Maji ya Mama Mkwe

Nilichukua mchi wa kinu nikaligonga kufuli la choo mpaka likaachia. Mtoto alikuwa mgongoni, analia. Nikamshika mama mkwe mkono, nikamwambia aingie, nitamngoja hapo nje. Msimamizi wa ploti akaja mbio na ufagio wake, akasema nimekosa adabu kwa kuwa mume hayupo. Madirisha yote yalikuwa na macho. Hakuna hata mtu mmoja aliyetoka.

Tunaishi Mtongwe, vyumba vya kupanga, choo kimoja cha wote. Mume wangu yuko Uarabuni kazini. Mama mkwe hasemi sana tangu mzee wake afariki, na mtoto hajajua kusema. Kuna siku nasikia sauti yangu mwenyewe tu.

Wakati wa joto lile kali, Mama aliinuka kwenye mswala akaanguka. Muuguzi wa zahanati akasema mwili umepungukiwa maji. Akanieleza kwamba mtu akizeeka kiu humpotea, kwa hivyo asiingoje. Akiamka anywe gilasi ya maji, taratibu, kabla ya chai. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, basi maji hayatoshi. Akauliza kama ana ugonjwa wa moyo au wa figo, maana wagonjwa hao hupangiwa maji yao na daktari. Hana. Akaniambia akianguka tena huenda asiinuke.

Basi kila alfajiri, akishaswali, nampa gilasi yake. Natoka kuwasha jiko, nikirudi naikuta tupu. Nikafurahi, mjinga mimi. Mpaka asubuhi ile nikamkuta anayarudisha maji mtungini, polepole, yasilie.

"Mama, kwa nini?"

"Mwanangu, nikinywa sasa nitakwenda wapi?"

Lile kufuli nilikuwa nalijua. Mwenye nyumba hupita kukagua akielekea dukani kwake, na akikuta choo kimelowa humgombeza msimamizi. Kwa hivyo msimamizi hukiosha alfajiri, akakifunga, na kukifungua ni mpaka tajiri wake apite. Siku nyingine jua huwa limeshapanda. Mimi najibana. Mama hawezi. Nikamwambia nitamwekea ndoo chumbani. Akautazama mswala wake, akatikisa kichwa. Chumba ni hicho kimoja, na humo ndimo anamoswali.

Ndipo nikaenda kuuchukua mchi.

Adhuhuri kufuli jipya lilikuwa limeshatiwa, kubwa kuliko la kwanza. Majirani wakapita mlangoni mmoja mmoja, wakininong'oneza kuwa nimefanya vyema. Nilipowaomba tuandamane kwa afisa wa afya, huyu ana nguo za kufua, yule anaogopa kufukuzwa. Mume wangu akaniambia kwenye simu niyaache hayo mpaka arudi. Nikamuuliza mamake akae na kiu mpaka lini. Simu ikakatika.

Nikaenda peke yangu, mtoto mgongoni. Afisa akaniuliza tuko wangapi tunaolalamika.

"Mmoja."

Akanipa karatasi. Niliandika hivi:

"Mimi ni mpangaji. Nalalamika kwamba choo cha pamoja katika ploti yetu hufungwa kila asubuhi ili mwenye nyumba akikute kikavu. Mama mkwe wangu ni mzee. Ameacha kunywa maji kwa sababu hana pa kwenda, na ameshaanguka. Naomba mwenye nyumba aamriwe kukiacha wazi kuanzia alfajiri. Naomba mje wenyewe, mje asubuhi, mjaribu kuufungua ule mlango."