Kikapu Kilichouzwa Mara Tatu

Kanisani kwetu Tunduma mimi ndiye mnadi. Sikuomba. Wazee wa kanisa walipita sokoni siku moja wakanikuta nabishana na mteja juu ya mabeseni sita aliyoyataka kwa bei ya matano, wakaona mdomo huu ukishamtumikia shetani siku sita, ya saba unaweza kumtumikia Mungu. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada nasimama juu ya benchi pale nje na kunadi sadaka za vitu: mahindi, mayai, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi mnada ni wa huduma ya wasioona. Ni ndugu kumi na mmoja. Wengine wanatoka Ihanda, wengine Mbangala, wawili wanapanda kutoka bondeni Momba. Nauli zao, chakula chao cha mchana na vitabu vyao vya nukta nundu hutoka kwenye mnada huo. Siku ya kwanza niliwahesabu nikapata watu kumi na mmoja na fimbo tisa. Nikarudia, nikapata vilevile: wawili wanashikwa mkono na wake zao na fimbo hawaitaki. Mzee mmoja kati yao ndiye husoma Zaburi. Baridi ya mwezi wa sita ikija, huficha vidole kwapani kwanza, maana vikipoa, anasema, Zaburi inageuka changarawe tupu. Kanisa zima hukaa kimya likimsubiri apashe vidole moto, na sijawahi kusikia kimya kizuri kama kile.

Wanafundishwa pia kusuka vikapu vya mianzi, na vikapu hivyo navinadi mimi. Ila kwetu mnada wa kanisa una desturi yake. Mtu ananunua kitu, analipa, kisha anasema, "Narudisha, kinadiwe tena." Watu wanapiga makofi. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara nne na jioni bado hana mwenyewe.

Jumapili ninayoikumbuka, kulikuwa na kikapu cha mama mmoja wa Ihanda, mjane wa miaka kama sitini, aliyepoteza macho akiwa mtu mzima mwenye shamba na watoto. Nilikinadi kikafika elfu thelathini na tano. Mzee wa kanisa akalipa, akarudisha. Kiongozi wa kwaya akalipa, akarudisha. Wa tatu akasema kibaki kanisani kiwe baraka. Makofi, vigelegele. Nikashuka benchini nimekauka koo.

Yule mama alikuwa ananisubiri chini.

"Mwanangu, kikapu changu kimeenda na nani?"

"Kwanza alikichukua mzee wa kanisa, mama."

"Akaondoka nacho?"

Muuzaji akichelewa kujibu, mnunuzi ameshaelewa.

"Alikirudisha. Na wa pili akakirudisha. Wa tatu amesema kiwe baraka."

"Baraka iko wapi sasa hivi?"

"Stoo."

"Nipeleke."

Nikampeleka. Alipapasa rafu ya chini, akashika ukingo wa kikapu, akatikisa kichwa. "Hiki changu. Mimi fito ya mwisho naipinda mara tatu." Akashika kingine. "Na hiki." Aliendelea hivyo hadi ukutani. Vyake vilikuwa sita; nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Kimoja kilijaa mishumaa, kingine nyaya za spika, na kimoja kililaliwa na paka, ambaye hakuona sababu ya kuamka.

Mama akakaa juu ya gunia la mahindi.

"Nina nguruwe mmoja," akasema. "Mkubwa. Sina kingine. Nimeshaongea na mtu wa Mbebe, ana mianzi ya kujaza kigari cha Kirikuu. Wiki ijayo namuuza nguruwe, nalipia mianzi, nasuka mpaka msimu wa kahawa ufike. Wachumaji wote wa Ihanda watachukua vikapu kwangu. Hesabu nimepiga kwa bei ya hapa kanisani. Si elfu thelathini na tano. Mimi si mjinga. Nimesema elfu kumi tu."

Nilimtazama nikamwonea huruma nguruwe. Alikuwa anakwenda kuuzwa kwa sababu ya makofi.

"Sasa wewe," akasema, "usininadie. Ninunulie. Umekikuta sokoni, umeuliza bei. Unatoa ngapi?"

"Mama, leo Jumapili."

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato anatolewa. Nguruwe je?"

Nikachukua kikapu chenye mishumaa, nikakimwaga, nikakiweka kwenye sakafu ya saruji na kukisukuma kwa kidole. Kikayumba kama mlevi anayetafuta ukuta.

"Elfu moja mia tano," nikasema. "Na hapo nitaomba punguzo."

"Ala! Kwa nini?"

"Kitako kinayumba. Mchumaji akikitua shambani, kahawa yote chini. Na huku pembeni umeacha ncha za fito, zitamchana mapaja."

Nilitegemea machozi. Badala yake akapiga goti lake kofi.

"Kinayumba! Miezi minane namwambia yule dada anayetufundisha, dada, kinayumba. Ananijibu, kizuri sana mama, Mungu anaangalia moyo. Sawa, Mungu anaangalia moyo. Mchuma kahawa anaangalia kitako." Akakipapasa kitako. "Lakini elfu moja mia tano ni matusi."

"Ndiyo bei."

"Elfu mbili."

"Elfu moja mia saba."

Hatukuuziana. Alisimama, akaomba vile sita vyote nimfungie kwa kamba, akaondoka navyo. Wenye stoo hakuna aliyegundua isipokuwa paka.

Usiku ule sikulaumu kanisa. Nililaumu mkono wangu. Siku ya kwanza nilipokishika kikapu cha yule mama juu ya benchi, nilijua kinayumba. Mimi kila beseni nalinyanyua juani natafuta ufa, na mtu akinipa noti naikunjua na kuikagua kabla ya kusema asante. Lakini kikapu chake nilikisifu kwa sauti ya juu, mara kumi na kitu, na sikumwambia neno. Nilifikiri ni upole. Ulikuwa uvivu uliovaa nguo ya Jumapili.

Mwezi uliofuata nilitangaza kwamba vikapu vya huduma ukinunua unabeba, hakuna kurudisha. Makofi yalipungua na mapato yakashuka. Mzee wa kanisa alinivuta pembeni, akaniuliza kwa upole nauli ya watu wa Momba itatoka wapi sasa. Hakuwa na kosa. Nilitoa mfukoni, na hadi leo bado hatujapata jibu zuri kuliko hilo.

Nguruwe alibaki zizini. Mama alikuwa ameahirisha. Alivifumua vikapu vyote sita, akavisuka upya kwa mianzi ileile, na fito zilizokatika akaziunga. Zikapita kama wiki saba. Siku moja ya kazi akashuka kwenye bodaboda mbele ya meza yangu, si mbali na mpaka wa Zambia, ana vikapu vitatu mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kisukume."

Nikakiweka kimoja mezani, nikakisukuma. Kikatulia. Nikakisukuma tena upande wa pili, kwa nguvu. Kikatulia. Nilipitisha kiganja chini kutafuta ncha, nikapata moja tu, ndogo.

"Viweke kati ya mabeseni yako," akasema, "na leo mdomo wako ufunge."

Akakaa kwenye kigoda, fimbo ameikunja chini ya khanga. Mtu asingejua kwamba haoni. Hazikupita dakika nyingi akaja mama wa Zambia, mteja wa siku zote. "Mulishani, bamayo," akanisalimia kwa Kibemba, kisha akashika kikapu. "Ni shinga?" Hapa kwetu kila mtu anajua anauliza bei gani.

"Elfu saba," mama wa Ihanda akajibu kabla sijavuta pumzi.

"Saba! Kina injini?" Akakitua chini, akakiegemea kwa mkono mzima. "Tatu."

"Kwa elfu tatu chukua beseni la huyu, litapasuka kabla hujavuka geti."

Mabeseni yangu! Nikafunga mdomo kama nilivyoagizwa. Walivutana vizuri, bila haraka, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi kwa heshima zote. Mama wa Zambia akafika elfu nne mia tano, mama wa Ihanda akasimama kwenye tano na mia tano.

"Hapana," mteja akasema. "Angalia, hapa kina doa jeusi. Ona."

"Liko wapi? Weka kidole changu hapo."

Mteja akamtazama usoni. Kisha akaona fimbo. Sauti yake ikabadilika pale pale, ikawa laini kama ya mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

"Aa, pole mama. Sikujua. Basi nitakupa saba, ile ile uliyosema."

"Rudi ulipokuwa," mama akasema.

"Hapana mama, saba tu, Mungu atanirudishia."

"Ulikuwa nne na mia tano. Rudi."

"Sita basi."

"Nne na mia tano!"

Nimeona minada mingi, lakini mnunuzi anapanda na muuzaji anashuka, hiyo sikuwahi. Vijana wa mikokoteni walisimama kutazama. Mwishowe mteja akahesabu elfu nne na mia tano, akamwekea mkononi kwa hasira.

"Wewe mama ni mgumu!"

"Na wewe ungebaki mgumu vile vile, tungefika tano."

Mteja akaondoka na kikapu kichwani akicheka peke yake. Mama akashika zile pesa kitambo kirefu bila kuzifunga.

"Kabla hajaona fimbo, alisimama kwenye nne mia tano. Kweli?"

"Kweli, mama. Nilisikia mara mbili."

Midomo yake ilicheza. Alikuwa anapiga hesabu upya, vikapu vingapi vinamlipa nguruwe mmoja. Nilipiga ya kwangu kimoyomoyo. Ilikuwa hesabu nyembamba, lakini ilisimama.

"Nitafutie mnunuzi wa nguruwe," akasema mwishowe. "Na usimwambie ni wa kipofu."