Risasi ya Benedikto

Hainiingii kichwani mpaka sasa. Benedikto amekufa. Mwanawe kanipigia simu asubuhi kutoka Iringa.

Wengi humu kwenye kundi hamumjui. Yeye Mhehe, mimi Mngoni. Watani. Tulikutana Chunya miaka ya hamsini, bado vijana, tunachimba dhahabu ya Mzungu.

Mtani akifa, kazi yako ni kwenda kuwachekesha wafiwa. Mimi niko Uyole, miguu imegoma, sifiki. Basi kazi naifanyia hapa, kwa kidole kimoja. Wanawe, wasomeeni watu hapo msibani. Kwa sauti.

Dhahabu ilikaa kwenye mkanda wa jiwe jeupe, umepita katikati ya mwamba mgumu. Siku moja baruti ikafungua jiwe la kijivu, limejaa sindano sindano zinang'aa. Zito. Tena laini, ukucha unalikwaruza.

Nikasema hili silijui. Benedikto akacheka.

"We Mngoni unajua nini? Haya madini ya risasi. Babu yangu kampiga nayo Mjerumani."

Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi yetu nyuma ya kambi. Yeye alikuwa na gobore. Akachukua lile jiwe, akaliyeyusha kwenye makaa ya mhunzi. Moshi ulinuka kiberiti, shifti nzima tukakimbia nje. Akatoa vidonge vyake vya gobore, anaringa.

Jioni tukaenda shambani. Akapiga. Paaa! Kidonge kikasambaratika kama chumvi. Nguruwe akageuka, akamtazama. Halafu akaja.

Mhehe alipanda mti wa miiba. Pekupeku. Huko juu ananipigia kelele: "Mngoni! Hebu muulize ana shida gani!"

Baadaye mpima miamba akatuambia ile ni bismuthi, madini mengine kabisa, imeshikana na salfa. Adimu. Zamani sana ilipanda na maji ya moto toka chini, pamoja na dhahabu, ikagandia kwenye nyufa. Siyo risasi. Ukiigonga inavunjika.

Miaka ikaenda. Mke wangu akafa. Sikulia. Chakula kilikuwa hakipiti.

Benedikto akaja na kidonge kimoja alichobakiza. Pale pale kaburini akakiweka juu ya jiwe, akakigonga. Kikawa unga. Akainama, akamwambia marehemu:

"Shemeji, risasi za mumeo ndizo hizi. Uliishi naye vipi?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndipo machozi yakatoka. Siku ile nikala.

Sasa nasema mbele ya watu wote. Risasi hazikuwa zangu. Aliyeyeyusha, Mhehe. Aliyepanda mti, Mhehe. Mimi nilikimbia kwa heshima.

Benedikto, kama nasema uongo, amka ubishe.

Kimya?

Hujawahi kumnyamazia Mngoni hata siku moja.

Basi nimekushinda. Sikutaka kukushinda hivi. Lala salama, mtani.