Fahali wa Pili Ndani ya Spika

Kabla ya kufika kwa mjomba nilikuwa nimekata miwa Kabras na kubeba magunia Butere, na kote nilifukuzwa kwa kosa moja: kufungua vitu visivyo vyangu nione vinafanyaje kazi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita.

Mjomba alikuwa dereva mstaafu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, na watu walikuja kwake kutazama vitu viwili: fahali mweusi wa kupigana, na redio kubwa ya sebuleni yenye deki ya kanda, spika mbili za mbao zilizonifika kiunoni, na ekwalaiza, kile kisanduku cha kupangia sauti. Ekwalaiza haikuguswa na mtu. Vitufe vyake kumi vya kusukuma juu na chini vilikuwa vimekaa katikati tangu itolewe kwenye boksi. Nilipovigusa mara ya kwanza mjomba alinizaba kofi la sikio. Mara ya pili alisikia ngoma ikitengana na gitaa, akavuta kiti.

Nilijifunza kwa kukosea. Vitufe vya kwanza ni tumbo. Ngoma hukaa hapo. Vya katikati ni kifua, sauti ya mwanamume aliyekasirika. Vya mwisho ni filimbi, nzi, na mchakacho wa kanda yenyewe. Wengi hupandisha wanachokipenda. Mimi niligundua kwamba ukitaka kumsikia mtu, mshushe jirani yake.

Mwezi wa nane fahali wetu alipambana na fahali mwekundu kutoka ng'ambo ya mto. Nilikwenda na kinasa sauti kidogo kwapani. Umande ulikuwa haujakauka, ngoma za isukuti zinapigwa, watu wamebeba matawi. Walipogongana nilihisi ardhi kwenye magoti. Mwekundu alimpasua wetu bega. Wetu akainamisha kichwa, akaingiza pembe chini ya jicho la mwenzake, ikatoka na kitu cheupe. Mwekundu alilia, akageuka, akakimbia katikati ya watu na kumkanyaga mzee mmoja taya. Tulimruka mzee yule tukimfuata mshindi. Hata mimi nilimruka.

Wenye mwekundu walitaka marudiano, fahali wao awe na jicho moja au mawili. Mjomba alikubali mbele ya watu wote: Jumamosi, na asipomfikisha fahali wake uwanjani, hatakanyaga uwanja ule tena hadi kufa. Kuanzia hapo fahali alifungwa peke yake nyuma ya nyumba. Siku za mwisho fahali wa kupigana hatakiwi hata kusikia fahali mwingine, asije akamaliza hasira yake kwenye kamba.

Alhamisi alasiri mjomba alitaka kusikia kanda. Ngoma zilikuwa zimefunika kila kitu.

"Mwiwa," akaniambia, kama wanavyomwita mtoto wa dada, "wewe si ndiye fundi? Toa hizo ngoma. Nataka nisikie vile ile nyekundu ililia."

Nilishusha tumbo lote. Nikashusha filimbi na mchakacho. Nikapandisha kifua, kitufe kimoja kimoja, na fahali mwekundu akatoka ndani ya matope yale ya sauti akiwa mzima, mpaka pumzi yake. Mjomba aliinuka kitini.

"Ongeza."

Nikaongeza. Mngurumo ukajaza chumba, mjomba akicheka na kupiga paja. Nilikishusha kitufe cha nne nisikie tofauti. Mngurumo haukubadilika. Nikakishusha cha tano. Haukubadilika. Ndipo nilipoelewa kwamba mngurumo ule haukutoka kwenye kanda bali nyuma ya nyumba.

Kamba ilikatika. Fahali aliingia na mlango pamoja na fremu yake. Mjomba akasimama mbele ya spika, mikono ameitanua, akimsemesha kwa sauti ya wakati wa kumlisha, "Ni mimi, ni mimi." Pembe ilimwingia pajani ikamtupa juu ya kochi. Kisha fahali akaipiga spika ya kulia. Pembe ikapita mbao, ikapita kando ya sumaku, ikanasa ukutani. Adui akaendelea kulia nyuma yake, kwenye spika ya kushoto. Fahali alijipinda shingo ageuke amkabili, pembe ikavunjika kwenye shina kama mti mbichi. Damu iliruka hadi kwenye kalenda.

Nikachomoa waya ukutani. Fahali akabaki amesimama, anahema, akitazama ile spika iliyonyamaza. Mke wa mjomba alikuja na mwiko mkononi. Alifunga paja la mumewe kwa leso yake, na kati ya fundo na fundo alinipiga nao kichwani.

Ijumaa fahali alichinjwa. Jumamosi nilisikia isukuti zikipanda uwanjani, zikazunguka, zikashuka. Mwekundu alitembezwa akiwa na jicho moja, hakuna aliyekuja kumkabili.

Mjomba alirudi kutoka hospitali baada ya wiki tatu, kwa mikongojo. Hakunitukana. Alikaa kitini na kusema, "Weka."

Nikaunganisha spika iliyobaki. Vitufe vilikuwa bado mahali nilipoviacha; nikapandisha tena cha nne na cha tano. Tukamsikiliza mwekundu hadi alipogeuka kukimbia.

"Na yangu?"

Nikarudisha kanda. Nikashusha kifua, nikapandisha tumbo, nikashusha tumbo, nikajaribu kila mpangilio niliowahi kuujua. Nilipata kwato. Nilipata pembe zikigongana. Nilimpata yule mzee tuliyemruka, akiita mtu, na jambo hilo sikumwambia. Fahali wetu sikumpata. Alipigana mwanzo hadi mwisho amefunga mdomo, na hakuna kitufe kinachoweza kupandisha kisichokuwepo.

"Yangu haikulia," mjomba akasema.

"Hapana, mjomba."

Kisha akaniambia nirudishe vitufe katikati, vyote kumi, kama nilivyovikuta, halafu nichukue nguo zangu.

Nikavirudisha kimoja kimoja. Kufikia cha sita, ngoma zilikuwa zimeshawafunika wote wawili, mwekundu na yule mzee.