Mtumishi Asiyelala wa Chumba Namba Saba

Ni saa mbili na nusu asubuhi katika mtaa wa Gitothua, Ruiru, na Magdalene Njambi amepiga magoti kando ya meza yake. Ameinamisha kichwa, na sikio la kulia amelibandika juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Macho ameyafumba.

Mpita njia akichungulia mlangoni atadhani yumo katika sala. Sivyo. Chini ya kitambaa kile imo kompyuta, ndogo kiasi cha Biblia ya mimbarini, na Bi. Njambi anasikiliza kama ingali hai.

"Sisikii kitu," anasema, akiinuka na kujipangusa magoti. "Hiyo ndiyo shida yake. Na hiyo ndiyo sababu niliichagua."

Kutoka kitandani, nyuma ya pazia, sauti ya mamake mzazi, Waithira, mwenye umri wa miaka themanini na minne, inauliza, "Amekufa?"

"Hajafa, maitu. Amenyamaza tu."

"Haya. Akifa mtaniambia."

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Bi. Njambi, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, si mtaalamu wa kompyuta, wala hajidai kuwa mtaalamu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa teleksi katika kiwanda kimoja cha nguo huko Eneo la Viwanda, Thika. Mwaka wa 1996 kiwanda kilipunguza wafanyakazi, naye akarudi nyumbani na vidole vyake vyepesi na ustadi ambao hapakuwa na mtu aliyeuhitaji.

Kazi anayoifanya leo aliibuni mwenyewe. Familia arobaini na sita za Gitothua na mitaa ya jirani hupokea barua pepe kupitia chumba chake. Wengi wana mtoto au ndugu ng'ambo, na hakuna hata mmoja mwenye kompyuta. Mashine ya Bi. Njambi huipigia simu kampuni ya barua pepe huko Nairobi mara mbili kila siku, huzichukua barua, na kuiweka kila moja katika sanduku la mwenyewe. Yeye huzichapa na kuzikabidhi kwa shilingi thelathini ukurasa.

Saa tatu kamili za asubuhi, Wanja, karani mwenzake wa zamani ambaye sasa ana ofisi ya kupiga chapa mjini Thika, huunganisha kompyuta yake na simu, huipigia mashine hiyo na kuzichukua barua za watu wa huko.

Kompyuta ifanyayo kazi ya namna hiyo huitwa seva. Hukaa macho wakati wote, ili kompyuta nyingine iombapo kitu, ipewe.

Kukaa macho wakati wote: hapo ndipo palipozuka matatizo.

Seva yake ya kwanza aliinunua katika ofisi iliyokuwa ikifungwa. Ilikuwa kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, na ndani yake mlikuwa na feni isiyopumzika. Chumba ni kimoja. Kitanda cha Waithira kiko hatua mbili kutoka mezani.

"Nilimuuliza Njambi, hii inasaga nini?" anasema bi kizee huyo. "Maana posho mill husaga, na asubuhi unaona unga. Hii ilisaga wiki nne, unga sikuuona."

Joto lake lilitosha kukausha soksi, na lilizikausha. Kila jirani alipochomeka pasi, fyuzi ya ploti nzima ilikatika na vyumba kumi vikawa gizani. Bi. Njambi alianza kuizima mashine ili mamake apate usingizi na majirani wapige pasi kwa amani.

Ilikuwa katika siku mbili za kuzimwa, mwezi wa Septemba, ambapo chuo kimoja cha uuguzi kiliandika kumwita Safaa, binti wa jirani aitwaye Tausi, kwa mahojiano. Barua ilikaa Nairobi ikingoja kuchukuliwa. Ilipofika Gitothua, tarehe ilikuwa imepita kwa siku moja.

"Sikumkasirikia," anasema Tausi, ambaye huuza mitumba sokoni. "Hapana, nitasema ukweli. Nilimkasirikia mpaka Ijumaa."

Chuo kiliahidi kuandika tena kabla ya mwisho wa mwaka, bila kutaja siku. Tangu hapo Bi. Njambi hakuwa na swali lingine moyoni: apate wapi mashine inayoweza kukaa macho katika chumba ambamo mama anapaswa kulala?

Majibu aliyopewa yalizidi kumchanganya. Muuzaji mmoja Thika alimwambia seva ya kweli ni kubwa kuliko ile ya kwanza, na huhitaji chumba chake chenyewe chenye ubaridi. Wa pili alisema aongeze feni ya pili. Wa tatu alimuuliza kama mama yake mzee hawezi kuhamishwa.

"Huyo sikumjibu," anasema. "Nilichukua mwavuli wangu nikatoka."

Fundi Mulei, kijana atengenezaye redio na kompyuta karibu na stendi ya Ruiru, ndiye aliyemwonyesha kompyuta ya kukunjwa, ifungwayo kama kitabu. Kioo chake kilikuwa kimepasuka, nusu ya kulia ikawa nyeusi kabisa. Mulei aliitoa rafuni ili kumchekesha.

"Mathe, hii si seva, hii ni ya kuchezea," anakumbuka kumwambia. "Ata screen ni nusu! Nani atanunua?"

Bi. Njambi hakucheka. Aliuliza inatumia stima kiasi gani. Mulei akapima: wati ishirini, theluthi moja ya balbu ya kawaida. Ile ya kwanza, pamoja na kioo chake, ilipita mia mbili. Akauliza feni iko wapi. Haikuwa nayo. Akauliza stima ikikatika itakuwaje. Ina betri yake, akaambiwa, ijapokuwa imezeeka na hudumu dakika arobaini tu.

"Nikamwambia, barua ni maneno, na maneno hayana uzito. Kioo ni cha nini? Seva haitazamwi. Nifungie."

Modemu yake ni kadi nyembamba iliyochomekwa ubavuni, nayo hupiga mluzi inapozungumza na simu. Mulei alitaka kuizima sauti hiyo. Bi. Njambi alikataa, na kukataa huko kulikuja kumfaa.

Hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo mpaka leo hana hakika ni la nani.

Mkataba wake wa nyumba wadai ruhusa ya maandishi kwa kila jambo jipya. Bi. Njambi alisoma katika shule ya misheni ambako mwalimu wa Kiswahili alikata kwa wino mwekundu kila neno la Kiingereza lililojipenyeza kwenye insha. Alipoketi kumwandikia mwenye nyumba, Mzee Erastus Njau, mkono ulikataa kuandika "seva". Akatafuta neno safi la Kiswahili lenye maana ileile, na akalipata.

Nakala ya barua hiyo anayo. Inasema: "Naomba ruhusa yako nimlete mtumishi mpya chumbani mwangu. Yule wa kwanza alikuwa mkubwa, mwenye kelele, na alitumia stima kupita kiasi; nimemwondoa. Huyu ni mdogo na mtulivu. Halali usiku wala mchana. Kazi yake ni kupokea barua za watu na kuzitunza hadi wenyewe wafike."

Sarufi ya barua hiyo haina dosari. Mtumishi ni mtu, na Bi. Njambi alimpatanisha kama mtu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jibu la Mzee Erastus lilikuja siku ya pili, limeandikwa kwa herufi kubwa. "Chumba namba saba ni cha watu watatu: wewe, mama yako na binti yako Ngendo. Mtu wa nne, hapana. Na mtu asiyelala usiku simtaki katika ploti yangu. Atoke kabla ya tarehe 30 Novemba, ama mtoke nyote."

"Niliisoma mara tatu," anasema Bi. Njambi. "Nikajiuliza, kwani siku hizi kompyuta zinahesabiwa?"

Kuihamisha mashine hakungewezekana. Laini ya simu, ambayo aliiomba kwa miaka minne kabla ya kuipata, inaingia chumba hicho na si kingine. Mashine ikitoka, barua za familia arobaini na sita hazina pa kufikia, na ya Safaa ni mojawapo.

Alimkuta Mzee Erastus kwenye mfereji wa maji, mbele ya wanawake waliopanga foleni. Tausi alikuwapo, na anayarudia mazungumzo yale neno kwa neno, huku akishika mbavu.

"Mzee, huyu hachukui nafasi. Nimemweka chini ya meza."

"Chini ya meza?" Mzee Erastus alitua mkongojo wake. "Mama Ngendo! Na wewe ni mtu wa kanisa!"

"Anakaa vizuri, mzee. Nimemfunika na kitambaa."

"Ngai! Na huko chini anakula nini?"

"Kidogo sana. Hata balbu inamshinda."

"Si ndiye alikuwa anapika na koili ya stima? Koili nilikataza!"

"Huyo wa koili simjui, mzee. Yule wangu wa kwanza nilimuuza Thika."

Foleni nzima iligeuza shingo. Mzee Erastus alimtazama mpangaji wake wa miaka tisa kama mtu asiyemfahamu kabisa. "Ulimuuza," alisema polepole.

"Na vipuri vyake vyote."

Mzee aliuchukua mkongojo wake. Alisema atafanya ukaguzi Jumamosi, akaondoka akisahau ndoo yake.

Mzee Erastus, aliyestaafu kutoka shirika la reli na aliye na umri wa miaka sabini na miwili, haoni cha kuchekesha. "Niliambiwa kuna mtu mdogo, halali, amefunikwa chini ya meza, na kabla yake kuna mwingine aliyeuzwa kwa vipande," anasema. "Wewe ungefanya nini? Nilikaribia kumwita chifu."

Jumamosi ya tarehe 27 Novemba alifika saa tatu kasoro dakika chache, daftari la wapangaji kwapani. Alichungulia nyuma ya pazia na kumsalimu Waithira. Alitazama chini ya kitanda. Kisha akasimama mbele ya meza, ambayo tangu siku ya mfereji Bi. Njambi alikuwa amemhamishia mtumishi juu yake, kwa heshima.

"Yuko wapi?"

"Ndiye huyu, mzee."

Mzee aliinua ncha ya kitambaa kwa mkongojo. Akaona kitabu cheusi kilichofungwa. Akainama, akasikiliza. Hapakuwa na sauti.

"Mama Ngendo, hiki ni kitu."

"Ndiyo, mzee."

"Uliandika ni mtu."

"Niliandika mtumishi."

"Mtumishi ni mtu!"

Wakati huo saa tatu ikatimia, na Wanja akapiga simu kutoka Thika. Kitabu cheusi kikapiga mluzi, kikakwaruza, kikalia kama bata aliyekanyagwa. Mzee Erastus alirudi nyuma hatua tatu hadi mlangoni.

"Anaongea na nani?"

"Na Thika."

"Kwa lugha gani?"

Bi. Njambi aliinama kukirudisha kitambaa mahali pake. Ni Waithira aliyejibu kutoka kitandani. "Mwache, Erastus. Huyu ndiye wa kwanza katika ploti hii aliyeniacha nilale."

Mzee aliketi. Aliomba maji. Kisha akatoa uamuzi wake: barua ile haifai, iandikwe nyingine, na humo pasiwe na neno mtumishi. Bi. Njambi aliandika papo hapo. Anasema alipofika kwenye neno "seva" kalamu ilisita, kana kwamba wino mwekundu ulikuwa ungali unamngojea, lakini aliliandika. Mzee Erastus alifungua daftari lake. Ukurasa huo bado uko hivi: "Chumba namba saba: watu watatu. Seva moja, imekaguliwa. Si mtu."

Siku kumi baadaye, Jumanne alasiri, stima ilikatika Gitothua nzima. Mashine iliendelea kwa betri yake. Dakika ya ishirini ikalia mluzi, ikaipigia Nairobi kwa saa yake ya kawaida, na ikarudi na barua tatu. Ya pili ilikuwa ya chuo cha uuguzi.

Kichapishi hakikuwa na stima. Bi. Njambi alifunua kioo, akasoma nusu inayowaka, akaisukuma mistari kushoto kidogo kidogo ili aisome nusu ya pili, na kuinakili barua yote kwa mkono kabla betri haijaisha. Safaa anatakiwa chuoni tarehe 10 Januari, mwaka 2000, saa mbili asubuhi.

Tausi ameibandika karatasi hiyo ukutani. "Hati nzuri hivyo, nilidhani ni cheti cha ubatizo," anasema. "Nikamwambia, Mama Ngendo, mimi ni Mwislamu, lakini naiweka."

Si wote walioelewa. Wateja wengine hufika na kuomba waisikie mashine ikilia kabla ya kuamini kwamba ipo kazini, na Bi. Njambi huwaambia warudi saa tatu. Yeye mwenyewe kila asubuhi hupiga magoti na kusikiliza ukimya, asijue kama ni wa uzima au wa kifo, hadi Thika ipige.

Kwa mwaka ujao ana mpango mmoja. Mulei ameahidi kumtafutia nyingine ya namna ile ile, ndogo na isiyo na feni, ambayo Wanja ataiweka kwake Thika. Stima ikikatika Ruiru zaidi ya dakika arobaini, ya Thika itapokea. Ikikatika Thika, ya Ruiru itapokea.

"Nataka wawe wawili," anasema, akikinyoosha kitambaa juu ya meza. Anatupa jicho mlangoni, kisha anajisahihisha kwa sauti ya kumfikia yeyote aliye uani.

"Ziwe mbili."